Besi wa Kwaya ya Marobota

Ukitaka kumkera Anatory, muulize anarudi lini nyumbani. Atakujibu vizuri, maana ni mtu wa adabu, mzaliwa wa Muleba aliyelelewa na bibi mkali. Atakwambia karibuni tu, anamalizia mambo. Kisha atainama kwenye robota lililo mbele yake na kuivuta kamba kwa nguvu ambazo robota halizihitaji. Mambo hayo anayamalizia mwaka wa nne sasa, na mambo yenyewe ni kwaya.

Anatory alifika Guangzhou, China, miaka kumi na moja iliyopita, mfanyabiashara wa nguo kama wenzake, na mtaji uliotosha kununua mzigo mmoja mzuri na mmoja mbaya. Alianza na ule mbaya. Mtaji ulipokwisha alibaki na kitu kimoja cha maana, mikono. Alijua kufunga mzigo. Wafanyabiashara kutoka Mwanza, Mbeya na Songea walinunua nguo soko la Liuhua na vitambaa soko la Kangle, wakamletea kwenye ghala, naye akavipanga, akavikandamiza kwa mashine, akafunga, akaandika alama ya mwenye mali kwa wino mweusi, na kuvipakia kwenye kontena la kwenda bandari ya Huangpu. Laoban, yaani bosi wa ghala, mzee wa Kichina asiyependa maneno mengi, alimpa funguo mwaka wa pili na hakuziomba tena. Vibali vyake vilikuwa sawa, kula yake ilikuwa sawa. Hakuna aliyemshika miguu.

Sasa hiyo kwaya. Aliyeianzisha ni Cyrille, kinyozi kutoka Lubumbashi, ambaye alikuwa na chumba cha kunyolea ghorofa ya tatu, chenye viti viwili na benchi moja. Utotoni mmisionari mmoja alimfundisha uimbaji wa zamani wa Marekani, ule uliozaliwa kwenye vibanda vya vinyozi, wateja wakiimba huku wakingoja zamu. Hauna ngoma wala kinanda. Sauti ni nne tu, zimebanana, na tuni yenyewe, ile ambayo mtu angeipiga mluzi njiani, haiko juu kama tulivyozoea kanisani. Inabebwa na sauti ya pili. Ya kwanza inapita juu yake, ya tatu inaziba mapengo, na besi inakaa chini ikishikilia nyumba isianguke. Cyrille aliwaimbisha wateja wake wote. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtu na wembe wake uko shingoni mwako, hukatai sauti unayopewa.

Anatory alienda kunyoa ndevu. Alikuwa akiguna wimbo wa kwao taratibu, hana habari, na Cyrille akazima mashine. Alimwambia arudie. Aliporudia, Cyrille aliweka mashine mezani, akamwekea kiganja tumboni mbele ya watu, akamwambia avute pumzi mpaka kiganja kisogee. Siku ile Anatory alitoka na ndevu upande mmoja na cheo cha besi.

Majirani hawakuchelewa kulalamika. Mwenye jengo akamwambia Cyrille achague, nywele au nyimbo, na ndipo Anatory alipotoa ghala. Ghala la mzigo wa nguo, likiwa limejaa, linameza sauti yoyote. Marobota yanapanda mpaka darini na kati yake kuna vichochoro vya kupita mtu mmoja kiubavu. Kila mwimbaji alisimama kwenye kichochoro chake, wasionane, wakisikiana kwa mbali kama watu walio vyumba tofauti, na nje hakuna aliyejua kwamba ndani watu wanaimba. Wakajiita Kwaya ya Marobota. Walikuwa wanane siku za neema, Watanzania na Wakongo, na waliimba kwenye arusi, kwenye misa ya wageni katika lile kanisa kubwa la mawe, na kwenye ibada za kuwaaga wafanyabiashara waliofia ugenini, ambao walikuwa wengi kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani.

Cyrille alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeithibitisha. Alisema sauti nne zikipatana kweli kweli, inasikika ya tano juu yake, ambayo haiimbwi na mtu yeyote. Kwenye marobota hawakuisikia hata siku moja. Walimwamini tu, kwa heshima.

Kisha Jean-Luc, aliyekuwa amebaki peke yake kwenye sauti ya kwanza, akapata tiketi ya bei nafuu siku ya Alhamisi na Ijumaa hayupo. Alikuwa hajamwachia mtu nyimbo zake, na nyimbo hazikuandikwa popote. Cyrille hakupenda karatasi wala hakuruhusu simu zirekodi, alisema sauti iliyofungiwa kwenye simu haina adabu, haikungoji ukikosea. Kwaya ilikaa kimya miezi mitano. Walipopata sauti ya kwanza nyingine, waliweka sharti, kila mmoja mkono juu ya robota: anayeondoka moja kwa moja hurithisha sauti yake kwanza. Mrithi ataimba nyimbo zote kumi na moja mbele ya wenzake, na mwenye kuondoka atasimama kando amefumba mdomo. Wimbo ukianguka, mwenye kuondoka hajaruhusiwa. Mtu mwingine angeliona ni jambo la kitoto. Lakini Cyrille mwenyewe, siku yake ilipofika, alisubiri miezi saba mpaka Odette, mama mmoja wa Bukavu anayenunua vitenge, akaishika sauti ya pili bila kuyumba. Ndipo akapanda ndege. Baada ya hapo nani angethubutu kulicheka sharti?

Mrithi wa kwanza wa Anatory aliitwa Samwel, wa Mwanza. Alijifunza kwa bidii, nyimbo kumi akazimudu, akaanguka kwenye ya kumi na moja. Hiyo ndiyo "Tufunge Duka", aliyoitunga Cyrille ya kufungia kila shughuli. Karibu na mwisho, sauti tatu za juu zinazunguka, zinapanda, zinashuka, zinarudi, na besi chini yake anashikilia neno moja, "twende", kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu angemtungia mwenzake. Samwel alijaribu mara nne. Kila mara pumzi ilimwishia njiani, sauti ikazama, na wenzake wote wakazama nayo. Kibali chake kikaisha, akarudi Mwanza akiwa na aibu ya bure. Anatory akafungua begi lake na kurudisha mashati kwenye msumari.

Wa pili alikuwa William, wa Mbeya, na huyo alifundishwa kwa simu ile miaka ya ugonjwa, kila mtu amefungiwa chumbani kwake, chakula kikiachwa mlangoni. Anatory alikaa siku zile akitazama ukuta na kumwimbia mtu asiyemwona. Milango ilipofunguliwa kwaya ilikuwa imebaki na watu wanne. William akajaribiwa, akaanguka palepale, kwenye "twende", akahamia mji wa Yiwu kutafuta riziki. Wenzake walimpa Anatory pole. Begi likafunguliwa tena, na ukitaka ukweli, lilifunguliwa haraka kidogo kuliko inavyomfaa mtu mwenye huzuni.

Lakini huzuni alikuwa nayo, tusimwonee. Asubuhi akifungua mlango wa ghala na kuuona ule ukuta wa nguo, harufu ya rangi ikimjia usoni, alijiona amefungwa na yeye kama mzigo, ameandikwa alama, na kontena limeondoka bila yeye. Kila wiki alipakia mizigo ya kwenda nyumbani. Alijua meli ipi inaondoka na itafika Dar es Salaam baada ya siku ngapi. Fulana alizozigusa yeye zilikuwa zinavaliwa Muleba sokoni, na mwanawe wa mwisho, Teddy, aliyemwacha ana miaka miwili, alikuwa ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekwenda kwao mara mbili tu, mara moja kumzika mama yake. Kwenye simu Teddy alimwamkia kwa heshima kubwa, akamuuliza habari za huko, kisha akasema anakwenda kumwita mama. Ndivyo mtoto anavyoongea na mgeni wa wazazi wake.

Mwaka huu mkewe Benedicta alichoka. Hakugomba, maana si mgombi. Alimwambia kwamba Askofu anakuja parokiani Jumapili ya pili ya Majilio, Teddy anapata kipaimara, na tiketi ameshamnunulia yeye mwenyewe kwa pesa ya kahawa yake, ya kuja tu, haina ya kurudi.

"Usipokuja safari hii, Baba Teddy, usiniambie tena kwamba unakuja," alisema. "Kaa huko, nami nijue moja."

Anatory alimweleza habari za sharti kwa mara ya ngapi sijui. Benedicta alimsikiliza mpaka mwisho. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia hiyo kwaya. Alichokisikia ni mumewe kuguna kidogo kwenye simu wakati mtandao unasumbua. Akamwambia basi arithishe.

Mrithi wa tatu alikuwapo tayari. Aliitwa Mutua, Mkenya wa Machakos anayeuza viatu kwa jumla pale Liuhua, mwenye sauti inayotoka kisimani. Huyu hakuwa mtu wa kuondoka. Alikuwa na ofisi yake, kibali kirefu, na hamu ya kuimba. Kwa miezi mitatu nyimbo kumi zikamkaa. Akajaribiwa "Tufunge Duka" mara ya kwanza, akaanguka. Mara ya pili, akaanguka. Anatory akasema kwa upole kwamba kijana bado, apewe muda. Felisia wa Songea, mwenye sauti ya kwanza, akamkumbusha kwamba muda umebaki wiki moja, ndege ni Jumatano. Jaribio la mwisho likawekwa Jumamosi mchana.

Jumamosi hiyo ghala lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mzigo wa sikukuu umeingia wote kwa pamoja na hata vichochoro havikuwapo. Walimwomba laoban awaachie kona yoyote, akatazama huku na huku, akasema meiyou, hakuna, na akaonyesha kwa kidevu uani. Pale lilisimama kontena tupu la futi arobaini, milango wazi, limeletwa kupakiwa. Wapakiaji walikuwa wamekwenda kula. Walikuwa na saa moja.

Wakaingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya chuma, na kila hatua ilirudi masikioni. Felisia akakohoa, kikohozi kikazunguka mpaka mwisho na kurudi. Hawakuwa wamewahi kuimba mahali pa namna hiyo, tena wamesimama bega kwa bega. Odette, ambaye tangu Cyrille aondoke ndiye kiongozi, akasema Papa Anatory aimbe kwanza nao mara moja, ili Mutua aisikie besi kwa mara ya mwisho.

Wakaimba "Tufunge Duka". Walipofika kwenye "twende", Anatory akaishikilia kama siku zote, haikutikisika, na chuma chote kikaanza kunguruma chini ya miguu yao. Felisia alitazama juu ghafla, macho yamemtoka, kama kuna mwimbaji wa tano amewaingilia. Bartholomeo, mwenye sauti ya tatu, naye akatazama juu. Anatory hakusikia kitu. Besi yake mwenyewe ilikuwa imemjaa kichwani.

Odette naye hakutazama juu. Alikuwa anamtazama Anatory.

Zamu ya Mutua ikafika. Anatory akasogea mlangoni akafumba mdomo. Mutua aliimba vizuri, vizuri kabisa, akafika kwenye "twende", akaishika, akasukuma, shingo ikamvimba, na palepale walipoanguka Samwel na William, naye akaanguka. Anatory akaanza kusema ndiyo hivyo, kijana bado, yeye atamwandikia mama Teddy.

"Papa Anatory," Odette akamkata, kwa sauti ya chini. "Wewe unakamataka pumzi wapi?"

Anatory akajibu kwamba palepale kabla ya "twende", kama kila mtu.

"Hapana, papa. Miye nimesikia. Unaiiba mbele, kwenye 'duka', wakati siye tunapaza sauti. Unaiiba ya pili katikati, Felisia akipanda juu. Mutua haimbi mubaya. Anaimba vile ulimufundisha."

Kwenye marobota zile pumzi mbili zilikuwa zinamezwa na nguo. Kwenye chuma kila mtu alikuwa amezisikia, ila hawakujua wamesikia nini mpaka Odette alipozitaja. Mutua alifuta jasho, akamgeukia mwalimu wake.

"Mzee, hiyo hukuniambia," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Anatory.

Angeweza kusema alisahau. Neno lilimfika mdomoni. Lakini alikumbuka kiganja cha Cyrille tumboni mwake, miaka ile, kikimwonyesha, hapa unaiba, na hapa tena unaiba, na hakuna atakayejua. Siri ya besi ilikuwa hiyo tu, haikuwa na nyingine. Alimfundisha Samwel kila kitu isipokuwa hiyo. Akamfundisha William kila kitu isipokuwa hiyo. Hakuna siku aliyokaa akapanga. Kila ilipofika mahali pa kuisema, ulimi ulipita juu yake kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika kwenye nyumba yake mwenyewe, naye akajiambia kijana bado.

Sababu aliijua, na sasa ilisimama wazi mbele yake. Muleba alitoka mfanyabiashara, angerudi mfungaji wa marobota. Benedicta amesomesha, amejenga, amezika, amevuna bila yeye; ile nyumba haikuwa na kazi hata moja inayomngoja. Teddy angemwamkia, kisha angekwenda kumwita mama yake. Hapa, watu watatu hawakuweza kufumbua midomo yao asipokuwapo. Alikuwa akilia kila siku kwamba mlango umefungwa, na ufunguo anao yeye. Aliona aibu, aibu ile ya moto inayoanzia masikioni.

Hakujitetea. Alimsogelea Mutua, akamwekea kiganja tumboni, akamwambia avute. Akamwonyesha pumzi ya kwanza, kwenye "duka", fupi, kwa mdomo uliofunguka kidogo, mabega yasipande. Akamwonyesha ya pili. Waliifanya mara tano, mara sita. Kisha Anatory akatoka nje kabisa, akasimama uani juani, mgongo kwenye mlango wa kontena.

Wakaimba. "Twende" ikaja, ikakaa, ikazidi kukaa, sauti tatu zikazunguka juu yake na kurudi, nayo bado iko. Na juu ya zote, nyembamba, safi, ikatoka sauti ambayo haikuwa ya Felisia wala ya mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. Anatory aligeuka kumtafuta anayeiimba. Miaka yote ya kwaya alikuwa sehemu ya kuitengeneza na hakuwahi kuisikia, maana alikuwa chini yake. Ilimbidi anyamaze na asimame nje ndipo aisikie, nayo ilikuwa nzuri, na haikumhitaji.

Odette alitoka, akampa mkono kwa mikono yake miwili kama anavyosalimiwa mkubwa, akasema umerithisha, papa. Mutua akamkumbatia. Hakuna aliyemtaja Samwel wala William, na Anatory alijua ni yeye atakayelazimika kuwapigia hao.

Lakini kwanza alimpigia mkewe. Muleba ilikuwa asubuhi. Benedicta alikuwa uani akianika kahawa, na sauti ya reki ilisikika kwenye simu. Alimwambia amerithisha, anakuja Jumatano. Kisha, kabla ujasiri haujamtoka, akamweleza na zile pumzi mbili, na Samwel, na William, na ile miaka minne. Reki ilinyamaza. Anatory akatazama viatu vyake.

"Niimbie," Benedicta akasema hatimaye. "Huo wimbo. Nikisikie kitu kilichokuweka huko."

Wapakiaji walikuwa wamerudi. Walianza kubeba marobota na kuyaingiza kontenani, moja baada ya jingine. Anatory akasogea pembeni ya ukuta, akaziba sikio moja, akauimba mwanzo mpaka mwisho, sehemu yake kama alivyoiimba siku zote: dum, dum, tufunge, dum, duka. Akaiba pumzi. Akashika "twende", akaishikilia peke yake, bila kitu juu yake, akaiba ya pili, akaifikisha mwisho bila kutikisika. Hakuwahi kuiimba vizuri kuliko siku ile.

Benedicta alingoja. Alipoona kimya kinaendelea akauliza, kwa upole wa mtu anayetaka kuelewa:

"Nimesikia, Baba Teddy. Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?"

Anatory alitazama kontena likijaa.

"Ndio huo, Mama Teddy," alisema. "Umeshaisha."